Bendi Sindikizaji: Namna ya Kuiwahi, Kuisikiliza na Kutoka Ukumbini Ukiwa na Jina Lake

Malalamiko ninayoyapata ni yaleyale. Mmoja aliingia ukumbini bendi sindikizaji, ile inayopiga kabla ya bendi kuu, ikiwa inakunja nyaya zake. Mwingine alikuwepo tangu mwanzo, lakini alichosikia ni ngurumo tu, akaishia kupiga soga na wenzake mpaka bendi kuu ilipopanda. Wa tatu ndiye anayeniumiza zaidi: aliipenda ile bendi, akarudi nyumbani na kiitikio kinamzunguka kichwani, na mpaka leo hajui inaitwaje.

Hilo la tatu lilinipata mimi mwenyewe. Walikuwa watu watatu jukwaani. Wimbo wao wa mwisho kabla ya kushuka ulianza na besi peke yake, noti nne zikirudiwa, na mpiga besi alikuwa amefumba macho huku kidole gumba kimelala juu ya waya mnene kuuzima usilie. Nikajiambia nitauliza jina baadaye. Sikuuliza. Wimbo ule ninao mpaka leo, bila jina na bila mwenyewe.

Hapa nazungumzia tamasha la roki la ukumbini, lenye bendi kuu moja na bendi moja au mbili za kuisindikiza. Msindikizaji kwa kawaida hupewa kama dakika 30 hadi 45. Muda huo ni mfupi, na ukiingia bila maandalizi unakuta umekwisha kabla masikio hayajazoea.

## Vitu vya kuandaa

- Jina la bendi, limeandikwa sawasawa. Bendi za roki hupenda kuchezea tahajia: herufi inaachwa kwa makusudi, namba inaingizwa katikati, neno linaandikwa kinyume. Nakili kutoka kwenye bango, usiliandike kwa kubahatisha.
- Ratiba ya jukwaa. Yaani saa ambayo kila bendi inapanda. Hii si saa iliyochapishwa kwenye tiketi.
- Vizibo vya masikio. Vyenye chujio ukiweza, vya sponji ukikosa.
- Simu yenye chaji, mwanga wa kioo umepunguzwa, mlio umezimwa.
- Kalamu na karatasi ndogo. Usiidharau. Haihitaji chaji wala mtandao.
- Fedha kidogo ya pembeni kwa ajili ya meza ya bendi. Beba pia noti taslimu, maana mtandao huelemewa ukumbi ukijaa.

## Hatua ya 1: Sikiliza nyimbo mbili, kisha acha

Siku mbili tatu kabla ya tamasha, tafuta nyimbo mbili za bendi hiyo. Chukua ule unaosikilizwa zaidi, na mmoja kutoka kazi yao ya karibuni. Sikiliza kila mmoja mara tatu, tena bila kufanya kazi nyingine.

Sababu ni kwamba sikio hupenda linachokitambua. Katika kelele za ukumbini, wimbo unaoujua hukupa mahali pa kukanyaga: unajua kiitikio kinakuja lini, kwa hiyo unapata nafasi ya kuona kile wanachokifanya tofauti wakiwa mbele ya watu.

Kwa nini usisikilize albamu nzima? Kwa sababu utakwenda kulinganisha badala ya kusikiliza. Bendi changa mara nyingi hurekodi kwa bajeti ndogo na hucheza vizuri kuliko inavyorekodi. Ukikariri kila kitu mapema, unajinyima ule mshtuko mzuri wa kusikia kitu kwa mara ya kwanza kikitoka kwa watu walio mita kumi mbele yako.

Wakati mwingine huwezi kupata kitu cha kusikiliza, na si hasara. Waliokwenda kuiona bendi ya Sonic Youth barani Ulaya Agosti 1991 waliikuta ikisindikizwa na Nirvana, mwezi mmoja kabla albamu yao *Nevermind* haijatoka. Nyimbo za albamu hiyo zilizochezwa jukwaani, wengi walizipokea hazina jina wala sifa.

Umefaulu ikiwa unaweza kuimba kwa midomo iliyofungwa kiitikio cha angalau wimbo mmoja.

## Hatua ya 2: Tafuta saa ya kupanda jukwaani

Saa iliyo kwenye tiketi mara nyingi ni ya kufunguliwa milango. Kati ya milango na noti ya kwanza huwa kuna nusu saa, saa nzima, au zaidi. Hapo ndipo watu wanapopotea: anayewahi mno anachoka, na anayejua kwamba matamasha huchelewa anaamua kuchelewa zaidi ya tamasha lenyewe.

Ratiba halisi hutangazwa siku yenyewe, mara nyingi mchana, kwenye kurasa za ukumbi au za bendi. Ikikosekana, wapigie simu ukumbini. Uliza swali moja tu: bendi ya kwanza inapanda saa ngapi?

Ukishaijua, panga kuwa *ndani* dakika 20 kabla. Ndani maana yake umeshapita ukaguzi, umeshaweka koti, umeshakwenda chooni. Foleni ya mlangoni imenyima watu wengi bendi nzuri kuliko foleni za barabarani.

Tahadhari: bendi kuu inaweza kuchelewa bila mtu kushangaa, ila msindikizaji hupanda kwa saa. Akichelewa, dakika hizo hukatwa kwenye muda wake mwenyewe. Usitegemee kwamba watakusubiri.

## Hatua ya 3: Ziba masikio kabla ya noti ya kwanza

Watu huvaa vizibo masikio yakishaanza kuuma. Wakati huo umeshachelewa. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda hukatwa nusu. Ukifika desibeli 100, ambazo ni za kawaida kabisa kwenye roki, unabaki na dakika 15. Bendi sindikizaji peke yake inaumaliza muda huo, na bendi kuu haijapanda.

Vizibo vya sponji hukata zaidi sauti kali za juu, kwa hiyo maneno ya mwimbaji na matoazi hufifia na kila kitu kinasikika kama kipo nyuma ya ukuta. Vyenye chujio hupunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa msikilizaji anayetaka kuielewa bendi mpya, tofauti ni kubwa.

Namna ya kuvaa vya sponji: viringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio kuelekea juu, ingiza, kisha shikilia kwa kidole mpaka kivimbe. Kikiwa kimeingia sawasawa, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito, kama unaongea ndani ya mtungi.

## Hatua ya 4: Chagua mahali pa kusimama

Ukumbi ukiwa nusu mtupu una zawadi moja: unaweza kusimama popote. Wengi huitumia vibaya. Wanaegemea ukuta wa nyuma au wanakimbilia chuma cha mbele kabisa.

Ukutani na kwenye kona besi hujirundika, na ndiyo ile ngurumo wanayoilalamikia. Mbele kabisa nako kuna tatizo lake: unasikia ngoma na vikuza sauti vya magitaa moja kwa moja kutoka jukwaani, wakati spika kubwa zinazobeba sauti ya mwimbaji zimeelekezwa kwa watu walio nyuma yako. Unamwona mwimbaji akifungua mdomo, maneno huyapati.

Tafuta meza ya fundi sauti, ile yenye vitufe na taa ndogondogo, kwa kawaida ipo katikati ukumbini. Simama mbele yake hatua chache, kwenye mstari wa katikati. Fundi hupanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo ukisimama karibu naye unasikia kile anachokikusudia.

Kama ukumbi una watu wachache, sogea mbele zaidi kidogo. Miili ya watu hunyonya mwangwi. Ukumbi usiojaa hurudisha sauti kutoka kila upande, na kadiri unavyokaribia spika ndivyo unavyosikia muziki wenyewe kabla ya marudio yake.

Ukishasimama, fanya jaribio dogo: wakati wa muziki wa kusubiria unaotoka kwenye spika, sogea hatua tatu kushoto, kisha tatu kulia. Utashangaa besi inavyokua na kupungua. Baki pale ambapo unaweza kufuata maneno.

## Hatua ya 5: Usihukumu kabla ya wimbo wa tatu

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Mchana wa tamasha, kila bendi hujaribu vyombo. Kwa kawaida bendi kuu hutangulia, nayo huchukua muda wote inaoutaka. Wasindikizaji hufuata na kugawana kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni dakika chache za kuhakikisha kila kipaza sauti kinafanya kazi, na milango inafunguliwa. Maana yake ni kwamba wimbo wa kwanza unaousikia ndio wakati fundi anaanza kuipanga sauti yao. Gitaa litazidi, mwimbaji atazama, halafu taratibu kila kitu kitapata kiti chake.

Msikilize fundi akifanya kazi. Mtazame pia mwimbaji: akinyoosha kidole juu huku anamtazama mtu wa pembeni mwa jukwaa, anaomba sauti yake iongezwe kwenye spika inayomwelekea yeye, kwa sababu hajisikii. Mtu anayeimba bila kujisikia hukosea sauti hata kama ni hodari. Ukimhukumu dakika hiyo, umehukumu spika.

Kuna na jambo la nafasi. Vyombo vya bendi kuu vimeshapangwa nyuma, ngoma zimefunikwa kitambaa cheusi, na wasindikizaji wamebanwa kwenye ukanda mwembamba mbele yake. Mpiga ngoma wao pengine amewekwa pembeni. Taa ni zile chache walizoruhusiwa. Mtu aliyezoea kuruka huku na huko anacheza amesimama palepale kwa sababu akirudi nyuma hatua mbili ataangusha kitu kisicho chake.

Umati nao hudanganya. Julai 1967 mpiga gitaa Jimi Hendrix aliwasindikiza The Monkees nchini Marekani, na wasikilizaji walikuwa wakipiga kelele kuwaita The Monkees. Aliondoka kwenye ziara baada ya maonyesho machache. Oktoba 1981, jijini Los Angeles, Prince aliwasindikiza Rolling Stones akazomewa na kurushiwa vitu mpaka akashuka. Hivyo ukiona watu wamekunja mikono, usichukue mikono yao kuwa hukumu yako.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Wimbo wa kwanza, acha masikio yazoee. Wimbo wa pili, tafuta mapigo: gusa paja kwa kidole kufuata ngoma ya chini, ile nzito inayopigwa kwa mguu. Wimbo wa tatu, anza kujiuliza kama unapenda.

Umefaulu ikiwa kufikia wimbo wa tatu unaweza kusema jambo moja mahususi. "Wazuri" au "wabaya" halitoshi. Sema kitu kama "gitaa linaingia nyuma kidogo ya ngoma na linanifanya niiname mbele".

## Hatua ya 6: Mfuate mtu mmoja

Anayesikia ngurumo tu, mara nyingi ni kwa sababu anajaribu kusikia vyote kwa mpigo. Chagua mwanamuziki mmoja, umfuate wimbo mzima. Wimbo unaofuata, hamia kwa mwingine.

Mimi huanza na mpiga besi. Gitaa na mwimbaji hujitangaza wenyewe, lakini besi ndiyo inayoamua wimbo unatembea au unasimama. Tazama mkono wake wa kulia. Akipiga kwa vidole viwili, noti hutoka za mviringo, laini. Akitumia kipekecho, kile kipande kidogo cha kukwangulia waya, noti huwa na ncha, na wimbo unaonekana kukimbia hata kama mwendo haujabadilika. Sasa tazama macho yake yanaelekea wapi. Karibu kila mara ni mguu wa mpiga ngoma. Bendi ambayo hao wawili wanatazamana na kucheka kabla ya kiitikio ni bendi iliyofanya mazoezi mengi.

Kwa mpiga gitaa, tazama chini. Sakafuni mbele yake kuna visanduku vidogo vya kubadilisha sauti. Mguu wake ukielekea kwenye kimoja, jiandae: sekunde inayofuata wimbo utabadilika rangi. Baada ya kuuona mguu ule mara mbili tatu, unaanza kuzijua nyimbo zao usizowahi kuzisikia.

Tahadhari: usifanye haya kupitia kioo cha simu. Simu inakuonyesha jukwaa zima kwa udogo, wakati wewe unatafuta kidole na mguu. Piga picha moja wimbo wa kwanza, kisha iweke mfukoni mpaka hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Ukamate wimbo kabla haujapotea

Utafika wakati wimbo mmoja utakushika. Fanya haya palepale, usingoje uishe.

Kwanza, andika maneno matano au sita ya kiitikio yanayofuatana, kama unavyoyasikia, hata kama huna hakika ya moja. Maneno yanayofuatana hutafutika mtandaoni. Wazo la jumla, kwamba ulikuwa wimbo wa mapenzi, halitafutiki.

Pili, andika umechezwa wa ngapi. "Wa nne, baada ya mwimbaji kubadilisha gitaa" ni maelezo ambayo hata mwanabendi mwenyewe ataelewa ukimwuliza.

Tatu, kama ukumbi unaruhusu, rekodi sekunde kumi za kiitikio. Shusha simu usawa wa kifua ili usimzibe aliye nyuma.

Usitegemee programu za kutambua nyimbo. Hizo hulinganisha unachorekodi na rekodi iliyokwisha kuhifadhiwa. Wimbo ukichezwa jukwaani, mwendo na kimo cha sauti vinaweza kuwa tofauti, na kelele za watu zimo ndani. Tena wimbo mpya huenda haumo kabisa.

Ama jina la bendi, likikupita lilipotajwa, angalia uso wa ngoma kubwa: bendi nyingi huliandika pale. Kitambaa kilichoning'inizwa nyuma ni cha kuangalia kwa makini, maana kinaweza kuwa cha bendi kuu. Mwimbaji naye hulitaja mara mbili kwa kawaida, baada ya wimbo wa kwanza au wa pili, na kabla ya wimbo wa mwisho. Akisema "huu ni wa mwisho", funga mdomo na utege sikio.

## Hatua ya 8: Nenda mezani wakati vyombo vinabadilishwa

Bendi sindikizaji ikimaliza, una kama dakika 20 hadi 30 kabla ya bendi kuu. Watu wengi huenda kununua vinywaji. Wewe nenda kwenye meza ya fulana na rekodi.

Bendi changa haina wapagazi. Utawaona wenyewe wakibeba spika na masanduku ya ngoma kutoka jukwaani, jasho bado linawatoka, na baada ya muda mfupi mmoja wao yuko nyuma ya meza. Usimsimamishe akiwa amebeba kitu. Ngoja afike mezani.

Hapo usianze na sifa za jumla. Soma kwenye karatasi yako: "Wimbo wa nne, ule unaosema hivi na hivi, unaitwaje?" Nimeona uso wa mwanamuziki ukibadilika kwa swali hilo, kwa sababu ni ushahidi kwamba mtu alisikiliza. Atakutajia jina, na pengine atakwambia kwamba haujarekodiwa bado na utatoka lini.

Ukiweza, nunua kitu. Malipo ya msindikizaji kwa usiku mmoja huwa madogo, na mauzo ya mezani mara nyingi ndiyo mafuta ya gari la kuwafikisha mji unaofuata. Usipoweza kununua, jiandikishe kwenye orodha yao ya barua pepe kama ipo. Hiyo wanaitumia kujua waende kucheza wapi.

Umefaulu ikiwa unarudi nafasini mwako na jina la bendi na jina la wimbo, yote mawili kwa maandishi.

## Hatua ya 9: Kesho yake, kabla ya saa sita mchana

Usingoje wikendi. Kesho yake asubuhi, masikio yakiwa yamepumzika, sikiliza wimbo ule uliokushika. Kama masikio bado yanavuma, acha mpaka yatulie. Ukihisi kuvuma hakuishi baada ya siku moja au mbili, nenda hospitali.

Rekodi inaweza kukuonekea imepoa. Sikiliza tena ukimfuata mtu yuleyule uliyemfuata jukwaani. Utaisikia ile besi, au ule mguu ukikanyaga kisanduku, na wimbo utarudi na joto lake.

Kisha wafuate kwenye kurasa zao, na kama wanauza muziki wao moja kwa moja, mahali kama Bandcamp, nunua huko. Angalia tarehe zao zinazofuata. Msindikizaji wa leo huenda akawa bendi kuu kesho: Queen waliwasindikiza Mott the Hoople mwaka 1973 na 1974. Radiohead waliwasindikiza R.E.M. mwaka 1995. Ukumbi mdogo ambao unaweza kusimama hatua tano kutoka kwa mpiga besi haudumu kwa kila bendi.

## Kama hukuipenda

Inatokea. Umefuata hatua zote, wimbo wa tatu umepita, wa tano umepita, na hakuna kilichokugusa. Nenda nyuma ya ukumbi kwa utulivu, au toka nje upumzishe masikio. Usiongee kwa sauti katikati ya watu wanaosikiliza. Kwenye wimbo wa taratibu maneno yako yanasikika mpaka jukwaani, na anayesimama mbele yako huenda ndiye aliyesafiri kwa ajili yao.

Andika jina lao hata hivyo. Mimi nina daftari la majina ya wasindikizaji wote niliowahi kuwaona, pamoja na tarehe na neno moja moja kando: "kasi", "huzuni", "bado". Bendi tatu nilizoziandikia "bado", nilipokutana nazo tena, nilifuta neno hilo.